Grupu la watu 412 na uamuzi mmoja wa kalavati: nyie mnajadilia wapi, kura mnapigia wapi?

katibu_mtaani

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aweke alama arudi baadaye.

Mimi ni katibu wa umoja wa wakazi wa mtaa mmoja huku Goba. Tulianza watu thelathini tu, tukichangia ulinzi shirikishi. Leo grupu letu la WhatsApp lina watu 412 kutoka kaya 260, na tunayoamua si mambo ya mlinzi tena. Ni barabara, ni maji ya mvua, ni hela za watu. Mwaka jana tulifanya uamuzi mbovu, na nimekaa nao muda mrefu nikitafuta ubovu ulitoka wapi. Watu wetu wana akili zao. Kuna wahandisi, walimu, mafundi, na kuna mama wa genge anayejua njia za maji kuliko hao wahandisi. Nimeridhika kwamba ubovu ulitoka kwenye mahali tulipojadilia.

Ilikuwa hivi. Mwezi wa pili, kabla ya masika, tulikuwa tumechanga milioni sita na laki nne. Hoja zilikuwa mbili: tumwage kifusi barabara nzima, au tuweke makalavati mawili, yaani mabomba ya kupitisha maji chini ya barabara, pale kwenye korongo na kinachobaki ndiyo kiwe kifusi. Mjadala ukafunguliwa Ijumaa jioni. Kufika Jumapili usiku meseji zilikuwa zimepita elfu moja. Humo ndani mlikuwa na msiba wa jirani na namba ya kutuma rambirambi, tangazo la kuku wa kienyeji, mechi ya watani, mtu aliyepotelewa na funguo, na katikati ya hayo yote voisi ya dakika nne ya mzee mmoja fundi ujenzi. Mzee alieleza taratibu, kwa mpangilio, maji yanatoka wapi, yanakusanyikia wapi, na kwa nini kifusi bila kalavati kitaondoka na mvua kubwa ya kwanza. Aliituma Jumamosi saa 4 usiku. Asubuhi ilikuwa imeshazikwa chini ya meseji 180. Mimi, katibu, niliisikiliza mwezi wa nne, kifusi kikiwa kimeshaondoka.

Jumapili ile saa 3 usiku mwenyekiti aliandika: "Naona wengi mnaunga mkono kifusi, basi tuendelee." Vidole gumba vikamiminika. Nilivihesabu baadaye, vilikuwa 47. Arobaini na saba, katika grupu ambalo wakati ule lilikuwa na watu 380, na kwa hivyo 47 tukaita malori na greda. Mama wa genge pale kona, ambaye barabara ile ameiona tangu ni njia ya ng'ombe, alinisimamisha akaniuliza: "Mwanangu, mbona mimi sikuulizwa?" Ana simu ya batani. Sikuwa na jibu la kumpa.

Tangu siku ile nimejaribu karibu kila chombo ninachoweza kukipata bure.

Nianze na WhatsApp kwa sababu ndiko watu waliko, na hilo peke yake ni jambo zito. Nafasi ipo: zamani grupu lilikuwa na mwisho wa watu 256, mwaka 2022 wakapandisha hadi 512, na kabla mwaka huo haujaisha wakafika 1,024. Shida ni mtiririko. Mtu ametoka nyumbani saa 11 alfajiri, kashinda kazini Kariakoo, kakaa foleni ya jioni hadi saa 2 usiku. Anafungua simu anakuta meseji 300. Hazisomi, na simlaumu. Anashuka chini kabisa, anasoma tano za mwisho, anachangia kwa hizo tano. Kesho yake hoja iliyokwisha kujibiwa inaanza upya kwa sababu jibu limeshapanda huko juu. Tena wanaosikika ni wenye vidole vyepesi. Nilikaa usiku mmoja nikapitia zile siku tatu meseji kwa meseji: watu 19 waliandika zaidi ya nusu ya meseji zote.

Kura za WhatsApp, zilizokuja mwishoni mwa 2022, zinapokea chaguzi hadi 12, na kwa jambo dogo zinatosha. Sisi tulipoijaribu kwa jambo kubwa, kila mtu aliona nani kachagua nini. Mtaani mnajuana. Nani atampinga mwenyekiti jina lake likiwa limekaa pale wazi? Pia nilisahau kuzima kile kitufe cha kuruhusu jibu zaidi ya moja, watu wakachagua vyote viwili. Na haikuwa na siku ya mwisho: wiki mbili baadaye bado kuna waliokuwa wanabadilisha, na hesabu niliyotangaza Jumatatu haikuwa hesabu iliyosomeka Alhamisi.

Telegram imeundwa kwa umati, grupu moja linabeba hadi watu 200,000. Kilichonivutia ni kugawa grupu kwa mada. Msiba una chumba chake, biashara chumba chake, barabara chumba chake, na anayeingia leo anaweza kusoma barabara tangu siku ya kwanza kama admini ameruhusu. Kura zinaweza kuwa za siri. Halafu admini anaweza kupunguza mwendo: mtu akishaandika asubiri, kuanzia sekunde chache hadi saa nzima, ndipo aandike tena. Tuliweka dakika 15 kwenye mjadala wa taa za barabarani. Nawaambieni, ulikuwa mjadala mwingine kabisa. Mtu akijua ana nafasi moja kwa robo saa, anaandika sentensi nne zilizokamilika, anataja bei, anataja nguzo ipi. Matusi yalikwisha bila mimi kumwonya mtu. Lakini kati ya watu 412 waliohamia ni 96. Kuna dada mmoja alifuta picha za mwanawe ili programu ipate nafasi kwenye simu. Aliponieleza niliona nimemwomba kitu ambacho katibu hana haki ya kukiomba.

Fomu ya Google ni nyepesi na hesabu inakuja yenyewe kwenye jedwali. Ila ukitaka kila mtu ajibu mara moja tu, inamlazimisha aingie kwa akaunti yake ya Google, na watu wetu wengi akaunti walifunguliwa na kijana wa duka la simu siku waliyonunua. Nywila hawaijui. Ukiondoa sharti hilo, mtu mmoja anaweza kujibu mara kumi.

Zoom ya bure inakata kwa dakika 40 na mwisho ni watu 100. Kwa kamati ya watu saba ni sawa. Kwa mtaa, robo saa ya kwanza iliishia kwenye "mnanisikia?" na bando la watu likateketea.

Baada ya hapo niliacha kutafuta programu moja ya kufanya kila kitu. Sasa tunatenganisha. Grupu la WhatsApp limebaki la maongezi, libaki hivyo, watu wazikane na kuuziana kuku humo. Pembeni kuna grupu la pili ambalo wanaoandika ni admini tu, na humo haliingii chochote isipokuwa hoja, tarehe na azimio. Hoja inaandikwa ukurasa mmoja: tatizo ni nini, tunapendekeza nini, bei gani, nani atasimamia, tusipofanya itakuwaje. Anayetaka kubadilisha neno anawaandikia watu wawili waliopewa kazi hiyo, na kila jioni wanatoa ukurasa uleule ukiwa umerekebishwa, na chini yake wameandika waliopinga wamesema nini. Siku nne za kujadili, siku tatu za kura. Kila kaya ina namba yake kwenye rejesta, unapiga kura kwa namba hiyo, ama kwenye fomu, ama kwa SMS, ama kwenye daftari dukani kwa Mangi. Wanaohesabu ni wawili, mmoja kutoka kila upande wa hoja. Ukurasa uleule wa hoja unabandikwa kwenye ukuta wa duka.

Kilichonituma kuandika ni kwamba hoja ya makalavati imerudi, kura inafunguliwa Jumapili hii, na kuna mawili sina uhakika nayo: kura iwe ya kaya au ya mtu? Na wenzangu mnaoongoza watu wengi, SACCOS, jumuiya, waliosoma pamoja, nyie mnafanyaje? Nawasilisha.

kamati_ya_sherehe

Mkuu, mimi nimekaa kamati za harusi zaidi ya ishirini hapa mjini, WhatsApp inatosha kabisa. Orodha ya ahadi inabandikwa kila asubuhi, nani kapunguza, nani bado. Imekwisha.

Ila nimesoma uzi wako nikaona tofauti. Harusi uamuzi umeshafanyika kabla grupu halijafunguliwa. Tarehe ipo, ukumbi upo, watu wanaitwa kuchangia. Nyie mnaita watu waamue. Hizo ni kazi mbili tofauti na mimi nilikuwa nazichanganya. Tulipojaribu kuamua kitu kwenye grupu, sare ya kitenge gani, tuligombana wiki nzima na mpaka leo kuna shemeji wawili hawasalimiani.

mpangaji_mwenzenu

Katibu, umeandika kwa moyo, ila hapo kwenye kaya umenigusa.

Napanga huku Kinyerezi mwaka wa sita. Mwenye nyumba wetu yuko Mwanza. Kwenye grupu la mtaa yeye ndiye "kaya namba 41". Ilipoletwa hoja ya taa kwenye kichochoro, akakataa, akasema mtaa ni shwari. Yeye hapiti pale saa 3 usiku, anayepita ni mke wangu akitoka zamu. Sisi tuko wapangaji wanne kwenye ile nyumba, tunachangia taka kila mwezi, tunachangia ulinzi, na kwenye kura sisi hatupo. Kwa hiyo kabla hujauliza programu ipi, uliza rejesta yako imemwandika nani. Ukihesabu kura safi kabisa kwenye rejesta isiyo na watu wanaokanyaga hilo tope, utapata jibu la watu wa Mwanza.

katibu_mtaani

Mpangaji, nimesoma mara tatu. Rejesta yetu nayo ina majina ya wenye nyumba. Sijawahi kuliona hivyo na nimeishi na rejesta hiyo miaka mitano. Naenda nalo kwa kamati kesho.

kijana_wa_seva

Wakuu, niongeze mawili kutoka kwenye kazi zetu za programu, maana huko kuna watu ambao hawajawahi kuonana na wanaamua mambo makubwa kila wiki.

Kuna chombo cha wahandisi kinachoitwa IETF, kilianza 1986, ndicho kinachoandika kanuni ambazo intaneti inatumia. Wao hawapigi kura ya kuhesabu vichwa. Kwenye chumba cha mkutano mwenyekiti anauliza, wanaounga mkono wanaguna kwa pamoja, halafu wanaopinga nao wanaguna, anasikiliza. Mwaka 2014 mmoja wao, Pete Resnick, aliandika waraka kueleza maana yake: swali la msingi si wangapi wanapinga, ni kama pingamizi lao limejibiwa. Mtu mmoja mwenye hoja isiyojibiwa ana uzito kuliko mia wanaosema ndiyo bila kueleza. Voisi ya yule mzee fundi ndiyo hiyo. Kwa utaratibu wao, uamuzi wenu usingepita mpaka mtu amjibu mzee yule, hata kama vidole gumba vingekuwa 300.

Kanuni yao nyingine: kilichokubaliwa ukumbini hakijawa uamuzi hadi kithibitishwe kwa maandishi kwenye orodha yao ya barua pepe, ili asiyefika naye aseme.

Apache, wanaotengeneza programu za seva, wao wanaandika +1 (naunga mkono), 0 (siegemei popote) au −1 (napinga), na kura inakaa wazi saa 72 kwa kawaida. Walichagua saa hizo kwa sababu watu wao ni wa kujitolea, wengine wamelala wenzao wakiwa kazini. Siku zako tatu zimeangukia palepale.

Ukitaka programu iliyotengenezwa hasa kwa kazi hii, iko Loomio. Ilianzishwa Wellington, Nyuzilandi, na watu waliotoka kwenye zile kambi za maandamano ya mwaka 2011, waliochoka kuamua kwa mikutano ya usiku kucha. Kila mjadala una ukurasa wake, mtu anatoa pendekezo lenye siku ya mwisho, na watu wanachagua: nakubali, sikubali, najizuia, au nazuia kabisa. Kila mtu anaandika sababu yake pembeni ya kura, na ukurasa unabaki pale mwaka mzima. Kwa kamati yako ya watu saba ningeshauri hiyo. Kwa kaya 260 nahofia yatatokea yaleyale ya Telegram.

katibu_mtaani

Kijana, hapo kwenye "pingamizi limejibiwa" umenipa kitu. Nimeongeza mstari kwenye ukurasa wetu wa hoja: *Pingamizi ambalo bado halijajibiwa*. Kura haifunguliwi mstari huo ukiwa na kitu.

mzee_wa_baraza

Vijana, mnazunguka mbali. Mtaa una mkutano. Piteni na spika Jumamosi, watu wakae chini ya mwembe, mwenye hoja asimame, mikono inyooshwe, ihesabiwe. Mtu akisimama mbele ya jirani zake anapima maneno. Kwenye simu anaandika asichoweza kukisema.

katibu_mtaani

Shikamoo mzee. Naukubali mkutano, na hatujauacha. Ule wa mwisho walikuja watu 38. Jumamosi wengi wako dukani au kazini, kina mama wako sokoni, na waliokuja karibu wote ni wanaume wa makamo yangu na yako. Mikono 22 ikapitisha mchango wa watu 412, na wiki hiyo nzima nilipigiwa simu za lawama. Ninachofikiria sasa ni mkutano ubaki wa kusikilizana, tena siku ya nne ya mjadala, halafu kura ifuate kwa siku tatu ili na asiyefika awemo.

mzee_wa_baraza

Marahaba. Hapo nimekuelewa. Ila pale mkutanoni muhtasari usomwe kwa sauti kabla watu hawajatawanyika. Nimeona mihutasari mingi ikibadilikia njiani kati ya mwembe na nyumbani kwa katibu.

mama_wa_segerea

Mwanangu katibu, pole na kazi. Mimi nina miaka 61, VICOBA yetu ina kina mama 54. Macho yananisumbua, herufi ndogo sizioni, lakini masikio yangu ni mazima. Nyie mnasema voisi inapotea. Kwetu sisi voisi ndiyo imetuokoa, kwa sharti moja: mwenye hoja anaisoma yeye mwenyewe, dakika mbili, isizidi, na inakaa peke yake kwenye lile grupu la matangazo. Tunaisikiliza tukipika. Halafu kila mama ana mwenzake wa kumuuliza, wawili wawili, tumepangana hivyo. Asiyepiga kura hadi siku ya pili, mwenzake anamfuata mlangoni.

Usimtegemee mtu asome ukurasa, hata uwe mmoja. Na huyo mama wa genge, ulishamwendea?

katibu_mtaani

Shikamoo mama. Nilimwendea. Nilikaa naye saa nzima kwenye benchi la genge lake huku akifunga mafungu ya nyanya. Alinichorea chini kwa kijiti maji yanavyoshuka, akaniambia kalavati la pili tumeliweka pabaya kwenye ramani, lisogee juu kama hatua kumi na tano, kwenye mwarobaini. Nikamleta yule mzee fundi, akapima kwa macho, akaniangalia, akasema mama yuko sahihi. Hoja imerekebishwa. Jina lake liko kwenye ukurasa.

Hilo la wawili wawili nalichukua, mama. Na voisi ya dakika mbili nimeshamwomba mzee fundi aitoe upya.

afisa_ushirika

Naomba niguse sehemu ambayo wengi wanairuka. Katiba ya kikundi chenu inasemaje? Kama imeandika maamuzi ni ya mkutano mkuu kwa kunyoosha mikono, basi kura yenu ya simu, hata iwe safi namna gani, atakayeshindwa anaweza kuikataa na akawa na haki. Badilisheni katiba kwanza, kwenye mkutano, muandike wazi: kura ya mtandao, SMS na daftari zinatambuliwa, akidi ni kiasi gani, zinakaa wazi siku ngapi, nani anahesabu.

La pili, hiyo fomu. Nimeona vikundi vinaomba namba ya NIDA, namba ya simu na tarehe ya kuzaliwa ili tu mtu apige kura ya choo cha shule. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Usikusanye usichokihitaji. Namba ya kaya inatosha, na rejesta inayounganisha namba na jina ikae kwa mtu mmoja, nje ya mtandao.

kigamboni_yetu

Jamani, na siku mtandao ukikatika?

Tarehe 12 Mei 2024, ile Jumapili nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, sisi tulikuwa katikati ya uchaguzi wa viongozi wa jumuiya yetu ya waliosoma pamoja. Watu 230, wengine Mbeya, wengine Arusha, wengine nje. Tulikuwa tumetangaza kura inafungwa saa 6 kamili usiku wa Jumapili hiyohiyo. WhatsApp inazunguka, fomu haifunguki, waliopata kupiga ni waliobahatika. Kamati ikagawanyika: wengine wakasema muda ni muda, wengine wakasema tusogeze. Kanuni zetu hazikuwa na neno lolote kuhusu hilo. Tulisogeza siku tatu, na aliyeshindwa hadi leo anaamini tulisogeza kwa ajili ya mpinzani wake. Ni rafiki yangu wa darasa moja. Hajarudi kwenye grupu.

Andikeni mapema: mtandao ukikatika zaidi ya saa kadhaa, kura inasogea kwa siku ngapi, na anayetangaza ni nani. Liandikwe wakati hakuna anayejua litamfaa nani.

katibu_mtaani

Kigamboni, asante na pole sana. Tumeandika muda wa saa sita: mtandao ukikatika zaidi ya hapo ndani ya siku za kura, inaongezwa siku moja, na tangazo linabandikwa kwa Mangi na kutumwa kwa SMS. SMS na daftari haviguswi na nyaya za baharini, kwa hiyo hata siku hiyo kuna mlango ulio wazi.

Afisa, katiba tumeibadilisha Jumamosi kwenye mkutano. Walikuja 71. Kura zetu za kutambua kura za simu zilinyooshewa mikono, kama ulivyoelekeza.

Mpangaji, kamati ilibishana saa mbili na nusu juu yako. Wengine walihofu nyumba moja yenye vyumba kumi italemea mtaa. Mwisho tumekubaliana hivi: kaya ni mlango unaopika chakula chake, awe mwenye nyumba au mpangaji, aliyekaa mtaani miezi sita. Mwenye nyumba asiyeishi hapa ana sauti kwenye mjadala, kura anayo pale tu mchango unapotoka mfukoni mwake. Rejesta imetoka kaya 260 hadi 344. Tulipita mlango kwa mlango jioni nne, mimi na mabinti wawili wa chuo.

mpangaji_mwenzenu

Mkuu sina la kuongeza. Hiyo ya mlango unaopika naipeleka Kinyerezi.

katibu_mtaani

Wakuu, nimerudi. Kura ilifungwa Jumatano saa 2 usiku.

Akidi ilikuwa kaya 172, zimepiga 231. Kwenye fomu 134, kwa SMS 58, kwenye daftari 39. Makalavati kwanza 168, kifusi kwanza 52, wasioegemea popote 11. Waliohesabu ni kijana wa upande wa kifusi na mwalimu wa upande wa makalavati, mezani kwa Mangi, taa ikiwa imewashwa, watu kama ishirini wamewazunguka. Kura tatu za SMS zilikuja na namba za kaya zisizokuwepo, wote wawili wakazikataa. Kaya moja ilipiga kwenye fomu na kwenye daftari, tukampigia mwenyewe, akasema ya daftari ndiyo yake, ya fomu aliijaza mwanawe.

Huyo kijana wa upande wa kifusi ndiye aliyeandika azimio kwa mkono wake. Azimio namba 7. Limeingia grupu la matangazo usiku uleule, na chini yake ameandika pingamizi lililobaki: kwamba kipande cha juu cha barabara kitabaki na tope masika haya. Ni kweli, kitabaki. Kimewekwa kuwa ajenda ya kwanza ya mchango ujao.

Mchanga na nondo vinashushwa kesho asubuhi pale kwenye mwarobaini. Mwenye kutaka kuliona daftari la kura, liko dukani, limefungwa kwa kamba kwenye nondo ya dirisha. Mama wa genge ni mstari wa 14.